Mkoba Wenye Damu: Maisha ya Richard Meinertzhagen

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yoshua 2:1–7, Yoshua 8:1–22, 2 Samweli 3:22–39, 2 Wafalme 5:20–27, Zaburi 15, Mithali 20:17, Luka 16:10.

Fungu la kukariri: Mithali 12:19. Lifungue katika Biblia yako, ulisome mara tatu, kisha ulikariri pamoja na jamaa yako.

Mwanzoni mwa Novemba 1918, askari waliobaki wa jeshi la Wajerumani walipita Mbozi wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Walivuka mpaka na kuishambulia boma ya Waingereza ya Fife, mwendo mfupi kutoka ilipo Tunduma leo. Tarehe 25 Novemba walisalimisha silaha zao Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia. Huko Ulaya vita vilikuwa vimekoma siku 14 kabla. Hivyo Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki vilimalizikia mlangoni pa watu wa Songwe.

Vita hivyo viliacha njaa, maradhi, na makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa njiani. Jina la Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Lakini pamoja na vita vya bunduki kulikuwa na vita vingine, vya habari: nani anajua adui yuko wapi, na nani anaweza kumfanya adui aamini jambo lisilo la kweli. Kwa upande wa Waingereza, kazi hiyo iliongozwa kwa muda na ofisa aliyeitwa Richard Meinertzhagen.

Juma hili tutafuata maisha yake. Alisifiwa kuwa bingwa wa hila za kivita, na miaka mingi baada ya kufa kwake ikajulikana kwamba hila hizo hakuziacha vitani. Tujiulize siku zote saba: mtu akishazoea kutumia uongo kama silaha, je, anaweza kuuweka chini vita vikiisha?

JUMAPILI
Kijana aliyependa ndege

Richard Meinertzhagen alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878, katika familia tajiri ya wenye benki yenye asili ya Bremen, Ujerumani. Walikuwa watoto kumi. Tangu utotoni alipenda ndege wa angani. Aliwatazama kwa saa nyingi, akajifunza sauti zao, viota vyao na rangi za manyoya yao. Alikuwa na jicho linaloona kile ambacho wengine hukipita bila kukiona.

Baba yake alitaka awe mtu wa benki kama ukoo wake. Kijana hakuipenda kazi hiyo. Mwaka 1899 aliingia jeshini akapelekwa India, na mwaka 1902 akahamishiwa Afrika Mashariki katika kikosi cha King's African Rifles, ambacho watu wa kwetu walikiita Keya. Mwaka 1904, katika misitu ya Kenya, alipata mabaki ya nguruwe mkubwa wa msituni ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajamwandika. Mnyama huyo anabeba jina lake katika vitabu vya elimu ya viumbe mpaka leo.

Soma Kutoka 31:1–6. Bezaleli alipewa ustadi wa mikono na Mungu, akautumia kujenga hema ya kukutania. Jicho la Meinertzhagen nalo lilikuwa karama. Kumtazama ndege bila kumshtua kunahitaji subira, utulivu na kumbukumbu, na mambo hayo ndiyo anayohitaji mpelelezi. Karama ni moja. Matumizi yake yako mkononi mwa aliyepewa.

Ni karama gani uliyopewa ambayo inaweza kujenga au kubomoa, kulingana na unavyoitumia?

JUMATATU
Mkutano wa amani

Soma 2 Samweli 3:22–39. Yoabu alimpatia Abneri jeraha gani, na alitumia njia gani kumkaribia?

Wanandi wa magharibi mwa Kenya walipinga utawala wa Waingereza kwa takribani miaka kumi, tangu 1895. Reli ya kwenda Uganda ilikuwa ikipita katika nchi yao. Kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei, aliyekuwa na cheo cha orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho ambaye neno lake liliheshimiwa katika vita na katika amani. Waingereza waliamini kwamba Koitalel akiondolewa, upinzani utakwisha.

Tarehe 19 Oktoba 1905 ulipangwa mkutano wa mapatano. Meinertzhagen alifika na askari wake, Koitalel akaja na watu wake. Mkutano haukuchukua muda. Koitalel alipigwa risasi akafa, na watu kadhaa waliofuatana naye waliuawa pale pale. Meinertzhagen alieleza kwamba Koitalel ndiye aliyepanga kumuua, na kwamba yeye aliwahi tu. Wanandi wamesimulia kizazi hata kizazi kwamba kiongozi wao aliitwa kwa ajili ya amani, akanyosha mkono kusalimia, akauawa.

Wenzake kadhaa Meinertzhagen walitilia shaka maelezo yake. Mabaraza ya uchunguzi yalikaa mara tatu, na mara zote yakamwondolea lawama. Hata hivyo wakubwa wake waliona ni afadhali asiendelee kukaa katika nchi ile, na mwaka 1906 akaondolewa. Aliondoka na fimbo za Koitalel, alama za uongozi wake. Zilikaa Uingereza miaka mia moja, mpaka jamaa yake ilipozirudisha Kenya mwaka 2006.

Yoabu alikuwa na sababu zake pia. Abneri alikuwa amemuua ndugu yake vitani, na huenda Yoabu aliona anamlinda mfalme. Lakini Daudi hakukubali kulifunika jambo lile. Aliwaagiza Yoabu na watu wote wararue mavazi yao, akafuata jeneza, akalia mbele ya watu wote, akaonyesha kwamba mauaji yale hayakuwa yake. Kitu kilichomchukiza kilikuwa zaidi ya kifo, kwa maana vita huua. Abneri aliuawa akiwa ndani ya amani aliyopewa na mfalme. Pale neno la amani linapogeuzwa mtego, mtu wa pili atakayeitwa kwenye mapatano atakuja na bunduki, au hatakuja kabisa.

Kwa nini ni vibaya zaidi kumdhuru mtu aliyekuja kwako kwa sababu alikuamini?

JUMANNE
Tanga na karatasi za vyooni

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Meinertzhagen alirudi Afrika Mashariki. Alikuwa ofisa wa upelelezi katika kikosi kilichotoka India, chenye askari wapatao 8,000, kilichotumwa kuiteka Tanga.

Kabla ya hapo, mabaharia wa Kiingereza walikuwa wameahidiana na wakuu wa Tanga kutoushambulia mji. Tarehe 2 Novemba 1914 nahodha wa manowari ya Fox aliona kwamba heshima inamtaka awatangazie Wajerumani kuwa mapatano yale yamekwisha. Aliingia bandarini akawaambia. Wajerumani wakapata muda. Lettow-Vorbeck alileta askari wake kwa reli ya Usambara, naye mwenyewe akapita mjini usiku kwa baiskeli kupeleleza adui amekaa wapi. Akiwa na askari wapatao 1,000 tu, aliwashinda Waingereza. Zaidi ya 800 kati yao waliuawa au kujeruhiwa.

Kushindwa kule kulikuwa na sababu nyingi. Askari walikuwa wamechoka na safari ya bahari, waliteremka polepole, na hawakuichunguza nchi waliyoingia. Hata nyuki walitoka mizingani wakawauma. Lakini tendo la nahodha yule linafaa kufikiriwa. Soma Zaburi 15, hasa mwisho wa fungu la 4. Zaburi hiyo inamtaja mtu anayeshika neno lake hata pale linapomletea hasara. Mtu akilinganisha bandari ya Tanga mwaka 1914 na kilima cha Nandi mwaka 1905, anaona njia mbili za kulitendea neno lililokwisha kutolewa.

Baada ya Tanga, Meinertzhagen aliongoza upelelezi wa Waingereza kutoka Nairobi hadi ugonjwa ulipomwondoa mwishoni mwa 1916. Macho na masikio ya kazi hiyo yalikuwa ya Waafrika. Walivuka mistari ya vita kwa miguu, wakahesabu mahema, bunduki na mizigo, wakarudi na habari. Wengi wao hawakuandikwa majina popote. Njia moja aliyojivunia ni ya karatasi chafu: maofisa wa Kijerumani walikosa karatasi za chooni, wakatumia barua na amri za kijeshi zilizokwisha kusomwa. Wapelelezi wake wakaziokota vyooni, zikasafishwa na kusomwa.

Soma Yoshua 2:1–7. Yoshua alituma watu wawili Yeriko. Biblia haioni haya kusema kwamba watu wa Mungu walituma wapelelezi, maana kutafuta kuijua kweli ya mambo si kosa. Swali gumu linamhusu Rahabu, aliyesema uongo ili kuwaokoa. Yakobo na mwandishi wa Waebrania wanamsifu kwa imani yake na kwa kuwapokea wageni wale. Hakuna kati yao anayeusifu uongo wake. Darasa na lilijadili jambo hili kwa unyenyekevu, kwa maana Wakristo waaminifu wametofautiana juu yake.

JUMATANO
Mkoba ulioanguka jangwani

Soma Yoshua 8:1–22. Israeli waliutekaje mji wa Ai?

Mwaka 1917 Meinertzhagen alikuwa Palestina, katika jeshi la Jenerali Allenby lililopigana na Waturuki. Mwezi Machi na mwezi Aprili mwaka huo Waingereza walikuwa wameshambulia Gaza mara mbili na kushindwa. Allenby akapanga kupiga Beer-sheba, iliyoko bara, huku Waturuki wakiamini kwamba atarudi tena Gaza.

Tarehe 10 Oktoba mpanda farasi mmoja wa Kiingereza alikaribia mistari ya Waturuki. Doria yao ilimfukuza na kumpiga risasi. Akajifanya amejeruhiwa, akalegea juu ya farasi, akaangusha vitu vyake, pamoja na mkoba uliopakwa damu, kisha akakimbia. Ndani ya mkoba mlikuwa na karatasi za mipango ya uongo, fedha, na barua iliyoandikwa kana kwamba imetoka kwa mke aliyepata mtoto. Fedha na barua ziliwekwa kwa makusudi, kwa sababu askari anayeona barua ya namna ile haamini kwamba mtu angeitupa. Kisha Waingereza wakatoa matangazo ya kuutafuta mkoba uliopotea, ili Waturuki wazidi kuamini.

Tarehe 31 Oktoba Beer-sheba ilitekwa. Gaza ikafuata siku chache baadaye, na Yerusalemu mwezi Desemba. Kisa cha mkoba kikawa mfano wa kufundishia maofisa katika nchi nyingi, na Meinertzhagen akajulikana ulimwenguni kuwa ndiye aliyeubuni na ndiye aliyekuwa juu ya farasi.

Huko Ai, Yoshua naye alijifanya anakimbia, na aliyemwagiza aweke watu wa kuvizia alikuwa Bwana. Wengi husema kwamba vitani kila upande unajua kuwa mwenzake atajificha na kuvizia, kwa hiyo hakuna ahadi inayovunjwa. Wengine huona kwamba vita vyenyewe ni tunda la dhambi, na kwamba kila kinachotendeka ndani yake kinabeba doa. Katika mambo yote mawili, tofauti na kilima cha Nandi ni wazi: Waturuki hawakualikwa kwenye amani.

Lakini kisa hiki kina mwisho ambao wengi hawakuusikia. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za jeshi baadaye walitoa hoja kwamba wazo la mkoba lilikuwa la ofisa mwingine wa makao makuu ya Allenby, aliyeitwa Belgrave, na kwamba aliyepanda farasi siku ile alikuwa Arthur Neate. Ikiwa ndivyo, basi hadaa iliyompa Meinertzhagen sifa kubwa kuliko zote ilichukuliwa kutoka kwa wenzake. Waturuki walidanganywa kwa majuma machache. Wasomaji wa Kiingereza walidanganywa kwa miaka mingi.

ALHAMISI
Ndege wenye vibandiko vya uongo

Soma 2 Wafalme 5:20–27. Gehazi alidanganya mara ngapi, na kila uongo ulihitaji uongo gani mwingine baada yake?

Vita vilipokwisha, Meinertzhagen alirudia upendo wake wa kwanza. Alisafiri nchi nyingi, akakusanya ngozi za ndege zilizokaushwa, kila moja ikiwa na kibandiko kinachosema alipatikana wapi, lini na nani alimpata. Kwa mtaalamu wa ndege kibandiko hicho ni kama hati ya shamba: kikiwa cha uongo, ngozi yenyewe inapotosha. Mwaka 1954 alilipa Jumba la Makumbusho ya Viumbe la London ngozi zipatazo 20,000. Alitoa kitabu kikubwa juu ya ndege wa Arabuni, kisha akachapisha kumbukumbu zake za kila siku za Kenya na za jeshini. Alitunukiwa nishani, akafa London tarehe 17 Juni 1967 akiwa na miaka 89, mwenye jina la heshima.

Dalili zilikuwapo mapema. Mwaka 1919 makumbusho ilimzuia kuingia chumba cha ndege kwa miezi 18, kwa sababu ya kuchukua vitu bila ruhusa. Baadaye alirudishwa, na watu wakanyamaza. Alikuwa mtu mkubwa, tajiri na shujaa wa vita. Nani angetaka kumshitaki?

Miaka ya 1990 wataalamu Alan Knox, Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones walianza kuchunguza ngozi zake moja baada ya nyingine. Walitazama namna kila ngozi ilivyojazwa pamba na kushonwa, kwa maana kila mkusanyaji ana mkono wake kama fundi cherehani. Wakagundua kwamba nyingi zilitengenezwa na watu wengine, nyingine zikiwa zimeibwa katika makumbusho ile ile aliyokuja kuipa zawadi. Alizibandika jina lake, tarehe za kubuni na mahali pa kubuni. Kitabu chake cha Arabuni kilionekana kutegemea mno maandishi ya George Bates, mtaalamu aliyekwisha kufa. Hata kumbukumbu zake za kila siku zilionekana kuwa na kurasa zilizoandikwa upya miaka mingi baada ya matukio.

Bundi mmoja anatosha kuonyesha hasara yake. Kuna bundi mdogo wa misitu ya India ambaye kwa hakika alipatikana mara ya mwisho mwaka 1884. Meinertzhagen alidai kwamba alimpata mwaka 1914, mahali pengine. Waliomtafuta bundi huyo kwa kufuata kibandiko chake hawakumwona. Rasmussen alipotambua kwamba ngozi ile iliibwa, yeye na wenzake wakafuata vibandiko vya kweli vya zamani. Mwezi Novemba 1997 walimwona bundi huyo akiwa hai juu ya mti, baada ya miaka 113. Wakati wote ule alikuwako. Uongo ndio uliowapeleka watu njia nyingine.

Kuna hasara nyingine iliyo ya kusikitisha zaidi. Mwaka 1928 mke wake wa pili, Anne Constance, naye mtaalamu wa ndege, alikufa kwa risasi nyumbani kwao Scotland. Ilielezwa kuwa ni ajali, na hakuna mahakama iliyosema vinginevyo. Hata hivyo, tangu uongo wake mwingine ulipofichuka, watu wengi hawamwamini hata katika jambo hilo. Hatuna haki ya kumhukumu marehemu kwa jambo lisilothibitishwa. Kufanya hivyo ni kushuhudia uongo sisi wenyewe. Lakini tuone jinsi mdanganyifu anavyojinyang'anya ulinzi. Siku atakapokuwa na ukweli mdomoni na machozi machoni, hatakuwa na mtu wa kumsadiki.

Fikiria Mithali 20:17. Umewahi kuonja utamu wa mkate huo? Mchanga wake ulikuja lini?

IJUMAA
Kwa kujifunza zaidi

Soma Luka 12:1–3, Luka 16:10 na Matendo 5:1–11.

Meinertzhagen hakukosa akili, ujasiri wala bidii. Baadhi ya ndege aliowakusanya aliwapata kwa haki, na kazi yake ya upelelezi ilikuwa na manufaa ya kweli kwa jeshi lake. Sasa hakuna anayeweza kulitumia lolote kati ya hayo bila kulipima upya. Makumbusho inabidi ichunguze kila kibandiko. Mwandishi wa historia inabidi atafute shahidi mwingine kwa kila ukurasa. Uongo wake haukuishia kwenye mambo aliyoyadanganya. Uliyachafua na yale aliyoyasema kwa kweli.

Somo hili haliko mbali na Tunduma. Mji wa mpakani huishi kwa maneno yanayoaminiwa: uzito unaosomwa kwenye mizani, thamani inayoandikwa kwenye hati ya forodha, kilo za kahawa ya Mbozi anazohesabiwa mkulima asiye na mizani yake, ahadi ya dereva kwamba mzigo utafika. Wako wanaoiita biashara vita na kujiruhusu hila zake. Aliyejizoeza kumhadaa ofisa wa mpakani atarudi nyumbani jioni na ulimi ule ule, na mke na watoto wanausikia. Naye mweka hazina wa kanisa ni mtu yule yule aliyekuwa sokoni Alhamisi.

Kuna habari njema pia. Gehazi aliulizwa na Elisha alikotoka, na Safira aliulizwa na Petro bei ya kiwanja. Wote wawili walipewa nafasi ya kusema kweli. Zakayo, Luka 19:8, aliitumia nafasi hiyo akiwa hai, akarudisha mara nne. Fimbo za Koitalel zilirudishwa na kizazi kingine, mwenye kuzichukua akiwa kaburini. Ni afadhali mtu azirudishe mwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Rahabu aliwadanganya watu wa mfalme, na Yoabu alimdanganya Abneri. Matendo haya yanafanana wapi, na yanatofautiana wapi?

2. Nahodha wa Tanga alishika neno, na jeshi lake likashindwa. Je, alikosea? Darasa lisikilize pande zote mbili kabla ya kujibu.

3. Wenzake Meinertzhagen walimshuku tangu 1905, na makumbusho tangu 1919. Ni nini huwafanya watu, hata kanisani, wanyamaze juu ya udanganyifu wa mtu mwenye heshima? Mathayo 18:15–17 inatupa njia gani?

4. Kuna kibandiko cha uongo katika maisha yako, kwenye mali, cheti, hesabu au sifa isiyo yako? Swali hili usilijibu mbele ya darasa. Lijibu mbele za Mungu, kisha umwendee yule uliyemkosea kabla Sabato ijayo haijaingia.